Idi Amin Dada: ugomvi na serikali moja uliogeuka chuki ya Wayahudi wote

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na baba wenye mnatungoja nyumbani, leo nawaletea maisha ya mtu mwenye jina lake liliandikwa kwenye karta ya jimbo letu. Ukitoka Goma, ukapita Rutshuru, ukavuka Rwindi na kushuka Vitshumbi kununua samaki, maji unayoyaona pale ni Ziwa Edouard. Wazee wanakumbuka kwamba miaka ya 1970 ziwa hilo liliitwa Ziwa Idi Amin. Mobutu na Amin walikuwa marafiki, wakaondoa majina ya Wazungu na kuweka yao. Ziwa Albert likawa Ziwa Mobutu Sese Seko, Ziwa Edouard likapewa Amin. Mwaka 1979 Amin alifukuzwa, na jina lake likatoka ziwani.

Juu ya nini nimemchagua huyu? Tangu vita ya Gaza ianze Oktoba 2023, masolo juu ya Wayahudi yameongezeka kwetu: ndani ya taxi, kanisani, kwenye redio, hata kule juu kwenye shimo wakati wa kupumzika. Kuna wenye wanalaumu serikali ya Israeli juu ya wafu wa Gaza. Kuna wenye wanaitetea juu ya watu waliouawa na Hamas tarehe 7 Oktoba. Hayo ni masolo ya politiki, kila mtu ana haki ya kusema. Lakini nimesikia pia kijana mmoja, mchimbaji hodari mwenye moyo mzuri, akisema kwamba Hitler hakumaliza kazi yake. Watu walicheka. Mimi sikumjibu siku ile. Makala hii ni jibu langu, ingawa limechelewa.

Chuki ya Wayahudi, ile Wafaransa wanaiita antisemitizimu, haionekani kila mara kwa uso wazi. Mara nyingi inaingia kupitia mlango wa politiki. Maisha ya Amin yanaonyesha mlango huo ulifunguliwa siku gani, na nani alilipa.

Mpishi wa jeshi

Idi Amin alizaliwa karibu mwaka 1925. Baba yake alikuwa Mkakwa wa upande wa Koboko, kaskazini-magharibi ya Uganda. Wakakwa hawakuulizwa wakati mipaka ilichorwa: wako Uganda, wako Sudani ya Kusini, na wako kwetu Kongo, upande wa Aru. Amin alisoma kidogo sana. Mwaka 1946 aliingia katika jeshi la Waingereza, KAR, kama msaidizi wa mpishi. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu, na kwa miaka mingi alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda. Waingereza walimtuma Kenya kupigana na Mau Mau. Walimpenda juu alitii na hakuuliza. Mwaka 1961, karibu na uhuru, alikuwa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa cheo cha luteni.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na Milton Obote akawa waziri mkuu. Hapo ndipo Amin anaingia katika historia yetu sisi watu wa madini.

Dhahabu yetu

Miaka ya 1964 na 1965 waasi wa Simba walikuwa wanapigana na serikali ya Léopoldville huku mashariki. Serikali ya Obote iliwasaidia kwa siri, na mtu wa katikati alikuwa Amin. Silaha ziliingia Kongo, dhahabu na pembe za ndovu zikatoka. Februari 1966 mbunge mmoja, Daudi Ocheng, alisimama bungeni na kuonyesha kwamba pesa nyingi zimeingia katika akaunti ya benki ya Amin. Aliomba Amin asimamishwe kazi na uchunguzi ufanyike.

Ndugu zangu, muangalie vizuri namna Ocheng alilaumu. Alitaja mtu, akaunti, na pesa. Hoja yake haikuwa juu ya Wakakwa. Haikuwa juu ya Waislamu. Ilikuwa juu ya tendo na mwenye kulitenda. Shtaka la namna hiyo linaweza kuchunguzwa, na mtu anaweza kujitetea. Tuliweke pembeni, tutalihitaji mwisho.

Obote hakukubali kushtakiwa. Aliwafunga mawaziri wake watano, akasimamisha katiba, na Amin akapandishwa kuwa mkuu wa jeshi. Dhahabu ya Kongo ilikuwa imemfikisha pazuri.

Rafiki wa Israeli

Wengi hawajui kwamba Amin alianza kama rafiki mkubwa wa Israeli. Waisraeli walifundisha jeshi la Uganda tangu mwanzo wa uhuru. Amin mwenyewe alienda kwao kujifunza kuruka na parashuti, kama Mobutu. Tarehe 25 Januari 1971 alimpindua Obote, aliyekuwa Singapore kwa mkutano. Israeli na Uingereza zilikuwa kati ya nchi zilizofurahi, na Julai ya mwaka huo Amin alizitembelea zote mbili.

Lakini alitaka zaidi. Aliomba pesa, akaomba ndege za vita aina ya Phantom. Waisraeli walikataa. Februari 1972 alienda Libya kwa Gaddafi, huko akapokelewa vizuri na kuahidiwa msaada. Mwisho wa Machi aliamuru Waisraeli wote watoke Uganda: wanajeshi, wajenzi, wote.

Mpaka hapo, kuna kitu cha kujadili. Nchi inaweza kuvunja urafiki na nchi nyingine. Mobutu alifanya hivyo pia. Oktoba 1973, mbele ya ONU, alitangaza kwamba Zaire inaachana na Israeli kwa ajili ya ndugu zake Waarabu wa Afrika. Unaweza kusema alikosea, unaweza kusema alifanya vizuri, na mwaka 1982 alirudisha urafiki huo. Lakini Wayahudi wa Lubumbashi hawakufukuzwa kwa sababu ya hotuba ile. Rabi wao, Moïse Levy, aliyefika huko mwaka 1937, alibaki na kazi yake, na waumini wake wakaendelea kusali katika sinagogi yao. Mobutu alikuwa na dhambi nyingi, sisi tunazijua. Hiyo hakuifanya.

Amin hakusimama hapo.

Mwaka 1972

Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Wahindi wa Uganda watatoka. Walipewa siku 90. Alidai wanakamua uchumi wa nchi kama ng'ombe bila kumlisha. Ni kweli kwamba biashara nyingi zilikuwa mikononi mwao, na Waafrika wengi walikuwa na malalamiko ya haki juu ya bei na mishahara. Lakini yeye hakuita tajiri fulani ajibu juu ya kosa fulani. Alifukuza fundi wa kushona, mwalimu, muuguzi na mtoto aliyezaliwa Jinja. Makumi ya maelfu waliondoka na masanduku yao. Maduka yakagawiwa kwa askari na marafiki, na baada ya muda sukari na sabuni vikapotea sokoni. Mchuuzi maskini wa Kampala hakupata kitu.

Mwezi uliofuata, tarehe 5 Septemba, wapiganaji wa Kipalestina wa kundi la Septemba Nyeusi waliingia kijiji cha Olimpiki kule Munich, Ujerumani. Wanamichezo na makocha 11 wa Israeli walikufa. Siku chache baadaye Amin alituma telegramu kwa Kurt Waldheim, katibu mkuu wa ONU. Ndani yake alisifu shambulio lile, akasema Ujerumani ndiyo ilikuwa fasi ya haki, juu ndipo Hitler alipowaua Wayahudi zaidi ya milioni sita. Alieleza kwamba Hitler alikuwa na sababu.

Hapo mlango ulifunguka wazi. Wale milioni sita hawakuwa serikali ya Israeli. Israeli yenyewe haikuwepo mpaka 1948, miaka mitatu baada ya Hitler kufa. Waliouawa walikuwa mafundi viatu, wanafunzi, bibi vizee na watoto wachanga wa Ulaya.

Hata Kongo iliguswa. Wayahudi wengi wa Elisabethville, leo Lubumbashi, walitoka kisiwa cha Rhodes. Walikuwa watu wa biashara, waliuza vitambaa na vyombo kwa familia za wafanyakazi wa mji ule wa shaba. Julai 1944 Wajerumani waliwakamata Wayahudi waliobaki Rhodes, karibu watu 1,700, wakawapeleka Auschwitz, na karibu wote walikufa. Kwa hiyo kulikuwa na watu hapa Kongo wenye walingoja barua ya mama, barua haikuja tena. Mtu anayemsifu Hitler ndani ya masolo yetu anasifu jambo hilo. Hata kama anacheka.

Wakulima wa Mbale

Kama mtu anafikiri Amin alikuwa na hasira tu na serikali ya Israeli, aende kuuliza Mbale, mashariki ya Uganda. Huko kuna Wayahudi weusi wanaoitwa Abayudaya. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari Mganda aliyesoma Biblia mpaka akaamua kufuata sheria ya Musa. Mwaka 1919 alitahiriwa, yeye na wanawe. Watu wake ni wakulima kama sisi. Wakati wa Amin dini yao ilikatazwa. Masinagogi yalifungwa, wengi wakageuka Wakristo au Waislamu kwa kuongopa, wengine wakasali kwa kujificha, na waliobaki walikuwa wachache. Wale wakulima walikuwa wamenyima Amin ndege gani?

Ndiyo kipimo cha kwanza. Ukiona hasira juu ya serikali inamfikia mtu asiye na mkono katika serikali ile, kwa sababu ya dini au damu yake tu, jua kwamba tumetoka kwenye politiki.

Mkono wa siri

Mwaka 1975 Amin alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Tarehe 1 Oktoba hotuba yake ilisomwa mbele ya ONU, New York. Aliomba Israeli ifutwe kama nchi. Akasema pia kwamba Marekani imetawaliwa na Wazayuni, wenye wameshika vyombo vyote vya mali na nguvu.

Neno Mzayuni lina maana yake: ni mtu anayeunga mkono Wayahudi kuwa na nchi yao kule Israeli. Watu wanabishana juu ya wazo hilo, hata Wayahudi wenyewe. Lakini Amin hakubishana juu ya ardhi wala mipaka. Alisema kikundi kimoja kinaendesha dunia kwa siri. Hadithi hiyo ni ya zamani. Mwaka 1903 kule Urusi ilichapishwa ndani ya kitabu kilichojifanya ni maandishi ya wazee wa Kiyahudi, na mwaka 1921 gazeti moja la London lilionyesha kwamba ni cha uongo, kimenakiliwa kutoka vitabu vingine. Kitabu kilifichuliwa, hadithi ikaendelea kutembea. Wengine siku hizi wanaacha kutaja Wayahudi, wanabadilisha jina tu, lakini mkono wa siri ni ule ule.

Hiki ni kipimo cha pili. Sisi wachimbaji tunajua kwamba bei ya koltani inaamuliwa mbali, na kwamba kuna mikono mingi kati ya shimo na kiwanda. Lakini mikono hiyo ina majina: comptoir fulani, kampuni fulani, ofisi fulani, askari fulani kwenye barrière. Mtu akikuambia uache kutafuta majina hayo, juu wote nyuma yao ni Wayahudi, amekuondolea kazi ya kuchunguza, na mwizi wa kweli analala vizuri.

Kitanda cha Mulago

Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kuruka kutoka Athens. Watekaji walikuwa Wapalestina wawili na Wajerumani wawili. Waliipeleka Benghazi, kisha Entebbe, na Amin akawapokea. Alikuwa anakuja kuongea na mateka kama baba mpatanishi, huku askari wake wakiwalinda pamoja na watekaji. Waisraeli walitengwa katika chumba chao. Wengine waliachiliwa. Rubani Mfaransa, Michel Bacos, na wafanyakazi wake walikataa kuwaacha abiria wao, wakabaki. Sisi watu wa sendika tumheshimu mtu kama huyo.

Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai makomando wa Israeli walitua Entebbe na kuwaokoa mateka zaidi ya 100. Lakini mmoja hakuwepo. Dora Bloch, mama wa miaka zaidi ya 70, alikuwa amekwama na chakula kooni, akapelekwa hospitali ya Mulago, Kampala. Baada ya makomando kuondoka, watu wa Amin walimtoa kitandani wakamuua. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1979, baada ya Amin kuanguka. Wakenya walioishi Uganda waliuawa pia, juu ndege za Israeli zilipita Nairobi kuweka mafuta.

Ndiyo vile ilimalizika. Hasira iliyoanza na ndege za Phantom na deni ilifika kwa bibi mgonjwa. Ndege hazikuwa zake, na deni halikuwa lake.

Malipo

Oktoba 1978 Amin alivamia Tanzania upande wa Kagera. Nyerere alijibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia. Watu waliokufa chini ya utawala wake wanakadiriwa hadi 300,000, na wengi wao walikuwa Waganda wenzake. Alikufa Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, bila kuhukumiwa.

Lakini hadithi haiishi kwake. Baada ya kuanguka kwake, askari wa serikali mpya waliingia West Nile, nyumbani kwa Wakakwa na Walugbara, wakaua na kuchoma. Makosa ya Amin yalitozwa kwa mtu yeyote wa kabila lake na majirani. Maelfu walivuka mpaka wakaja Kongo, upande wa Aru, na watoto mgongoni. Mama Mkakwa akalipa deni la Amin, kama vile Dora Bloch alilipishwa deni la serikali yake.

Vipimo vyetu

Wataalamu wameandika maelezo yao ya chuki ya Wayahudi. Moja ni la mwaka 2016, la umoja wa nchi zinazokumbuka mauaji yale, IHRA. Lingine ni Tamko la Yerusalemu la mwaka 2021. Wanabishana hasa juu ya maneno gani dhidi ya Israeli yanavuka mpaka. Lakini wote wanakubali jambo hili: kulaumu serikali ya Israeli kama unavyolaumu serikali nyingine yoyote, hiyo peke yake siyo chuki ya Wayahudi. Nawaambia hivyo pia ndugu zangu wa kanisa, wenye wanafikiri kuuliza swali juu ya mabomu ya Gaza ni kutukana watu wa Biblia. Sivyo.

Kwa hiyo, ukisikia mtu anaongea, jiulize. Je, anataja tendo na mtenda, au anataja damu? Je, ana ushahidi, au ana mkono wa siri? Je, anamtaka anayemlaumu ajibu, au anataka afe? Na je, maneno yale yale angeyakubali kama yangesemwa juu ya kabila lake?

Swali la mwisho linatugusa sisi wa Kivu ya Kaskazini. Miaka iliyopita, katika mkutano wa wachimbaji, tulikuwa tunalalamika juu ya negosia mmoja mwenye mizani yake ilikuwa inaiba kilo. Lalamiko lilikuwa la haki. Mtu mmoja akasimama akasema ni tabia ya kabila lao wote. Ndani ya dakika tano mizani ikasahaulika. Negosia alipanda pikipiki akaenda zake na pesa zetu. Kabla ya jioni, mama mmoja wa kabila lile, mwenye alikuwa anatuuzia maharage kwa deni, alipinduliwa meza yake na sufuria yake. Hakurudi tena pale. Mimi niliona, nilikuwa kati ya viongozi, na nilinyamaza.

Unaweza kulaumu serikali ya Kinshasa, ya Kigali, ya Kampala, ya Jerusalem, na kundi lolote lenye silaha. Sema kwa nguvu, taja siku na tendo. Lakini jirani anayeongea Kinyarwanda si serikali, Mnande si serikali, Mhunde si serikali, na Myahudi si serikali. Sheria yetu wenyewe, ile ya tarehe 7 Juni 1966 dhidi ya ubaguzi wa rangi na ukabila, inakataza kuchochea chuki ya namna hiyo.

Tangu siku ya maharage, katika mikutano yetu kila lalamiko linaandikwa kwenye daftari: jina la mtu, tarehe, kilo ngapi, franga ngapi, nani aliona. Kabila halina mstari kwenye karatasi ile. Mtu akianza kulitaja, katibu anaweka bic chini, na sisi tunangoja.